Taa ya Sebuleni Msalani

Maram alirudi kutoka kazini mkono wa kulia umemfa ganzi. Alikuwa akiosha choo cha wanawake katika jengo la maduka huko Mankhool, mtaa wa Dubai, akashika ukuta uliorowa chini ya taa, umeme ukamrusha hadi mlangoni. Mamake, Masuda, hakuuliza mara mbili. Asubuhi yake alivaa buibui akaongozana naye.

Msimamizi wa jengo, Thamer, kijana aliyezaliwa hapa hapa Dubai kwa wazee wa Unguja, alikuwa na jibu lake tayari. Kosa ni la msichana. Nani alimtuma arushe maji ya mpira mpaka darini? Kitambaa kingetosha.

Neno hilo lilimchoma Masuda, maana yeye ndiye aliyemfundisha. Kwao Mombasa msala haujatahirika mpaka kuta zitiririke maji. Lakini hasira ilishinda aibu. Wanawake watano wakitawadha pamoja kabla ya adhuhuri, maji yanakosa kufika wapi? Choo cha watu wote ni mahali pa maji, na anayechagua taa ya kuweka humo alijue hilo kabla hajatia mkono mfukoni.

Thamer, ili amtulize, akatoa taa mpya kwenye boksi. Ya duara, ina ukingo wa dhahabu, inapendeza. Muuzaji kamwambia haiingii maji, inshallah.

"Mwanangu, hii ni ya sebuleni," Masuda akasema. "Mimi ninayo nyumbani, juu ya kochi."

"Bi Masuda, usinsomeshe kazi."

"Sikusomeshi. Naiosha tu."

Akailaza taa sakafuni, haijaungwa waya hata mmoja, akamwambia Maram aimwagie maji kama anavyoosha siku zote. Kisha akaitwa fundi wa umeme, Zahor, afungue skrubu. Maji yakamwagika kutoka ndani. Zahor akasema hiyo ni birika, imekosa mkono tu.

Thamer hakucheka. Akasema basi ifungwe hiyo hiyo kwa sasa, za maana zitakuja mwezi ujao.

Hapo ndipo Masuda alipouchukua mpira wa maji mikononi mwa Maram akamkabidhi Thamer.

"Mpaka mwezi ujao, utaosha wewe uliyeichagua."

Thamer akaushika ule mpira, maji yakimdondokea viatuni. Akautazama ukuta, akaitazama ile taa kuukuu iliyokula kutu. Hakusogea. Mwisho akamwambia Zahor akate umeme na mlango ufungwe.

Taa za maana zilikuja baada ya siku nne: zimezibwa kwa mpira pande zote, kifuniko hakivunjiki hata kikigongwa na mpini wa fagio, na zimefungwa juu, mbali na mabomba. Siku nne tu, jamani, na walitaka mtoto wa watu angoje mwezi.

Siku ya kwanza Maram kurudi kuosha, Masuda alisimama mlangoni mwa choo, akamzuia kuingia mpaka Thamer mwenyewe alipoingia kwanza akaugusa ukuta.