Udi Kando ya Tangi

...na la nimeshasema, tena upesi, hata hajamaliza kuuliza, yeye Ronald kichwa na mabega yamo ndani ya kabati chini ya tangi, mimi namwona miguu tu na soksi, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa, kijana wa bara mwenye adabu zake, akauliza kutoka humo ndani, "Mama, kuna kitu mnachoma hapa? Dawa ya mbu, ubani, kitu chochote ya moshi?" nami nikasema, "La, hatuchomi kitu," na mkono wangu ulioshika tochi haukutikisika, hilo ndilo linalonitia aibu, kwamba uongo umenitoka laini namna hiyo, mtu mzima wa miaka arubaini na tisa, mwenye binti aliyeolewa, namdanganya fundi... na chetezo kiko papo hapo nyuma ya pazia, nilikisukuma kwa mguu kengele ilipolia, jivu la jana bado limo, na lau si mafua yanayomtoa machozi tangu aingie angalinusa mwenyewe asinisumbue kwa maswali, kwani pazia lanukia udi, makochi yananukia udi, mimi mwenyewe mtandio huu nimeufukiza... "Yaani hii paipu ndogo, mama," anasema, anapiga chafya, anaomba radhi, "hii inavuta hewa ya chumba inaingiza kwa maji, ndio inatengeneza povu, na povu ndio inatoa uchafu. Sasa hewa ikiwa na moshi, mafuta ya moshi inaingia yote, povu inafura inamwagika, juu ya maji inashika utando, samaki anakosa pumzi. Ndio maana nimeuliza." Ndio maana kauliza, na utando nauona toka hapa nilipo, unameta rangi rangi nikiupiga tochi, na chini yake yule mmoja aliyebaki, wa rangi ya chungwa na mikanda myeupe, yuko juu kabisa ya maji, mdomo wazi, anahema... mwenziwe nilimkuta Jumanne asubuhi amelala juu ya mchanga, nikamzika kwenye chungu cha mrehani pale roshani, na Mzamil akanicheka, mume wangu huyo kila asichokielewa hukicheka, akasema, "Bora ungalimkaanga."

Lakini tangi kanunua yeye, nisimnyime haki yake, wiki tatu zilizopita, alichoka kuniona nimekaa nimetazama ukuta tangu tulipomzika mama, miezi minne natazama ukuta, akasema kama ni kutazama basi bora utazame kitu kinachotembea, akamleta Ronald na vioo vyake na magunia ya chumvi na ndoo za mchanga mweupe, wakaweka tangi hapa sebuleni na mimi nikanuna siku nzima, nani kaomba tangi... siku tatu za mwanzo maji yalikuwa meupe pe, tui tupu, hapo kweli ilikuwa kazi ya mchanga, vumbi lake, kisha chembe zikaingia ndani ya pampu ikawa inasaga na kukoroma, Ronald akaja akaifungua, akaitoa mchanga kwa mswaki wa meno, taratibu, akaipandisha juu ya kigae isivute tena kutoka chini, na maji yakatulia, yakawa safi mpaka nikaona ukuta wa nyuma, na yale maji yalipokuwa yakidondoka kutoka kwenye bomba, do, do, do, mimi nikasimama katikati ya sebule na sahani mkononi, sikuweza kwenda jikoni wala kurudi, kwa sababu sauti ile naijua, ni sauti ya birika letu, birika la kutawadhia, la mawe na chokaa, uani kwetu Kibokoni, maji yakidondoka kutoka bombani mchana wote na ubaridi wake, na ndani yake wale samaki wadogo wa kijivu wa kula viluwiluwi vya mbu... basi jioni ile nilikihamisha chetezo kutoka chumbani nikakiweka hapa juu ya kabati, nikatia kaa la moto na kipande kimoja cha udi wa mama, nikavuta kiti, nikafumba macho, maji masikioni na udi puani, na nikawa nyumbani, wallahi nikawa nyumbani, nikamsikia mama anavuta kibao chake cha kukalia, na tangu siku hiyo kila alasiri Mzamil akitoka kwenda msikitini mimi huweka kaa... na povu likaanza lini? Povu likaanza siku ya pili yake. Nimejua. Si leo nimejua, nimejua tangu Jumanne, mtu humwambii kitu anachokijua, nilichokuwa nataka ni kutoambiwa.

"Yumna!" Mzamil huyo, yuko roshani, anazungumza na simu, ameiondoa sikioni ili anigombeze mimi kwanza, "Nalikwambia tangu juzi, ni mtanga huo! Mwambie na azoe mtanga wake wote!" na Ronald kasikia, miguu imetulia, halafu anatoka kabatini kinyumenyume na shati limelowa mgongoni, ananitazama, hana hasira, bora angekuwa na hasira, "Mama, hii mchanga niliosha mimi mwenyewe, ndoo kwa ndoo, mpaka maji ikatoka safi," anasema, "lakini kama hakuna moshi, basi mzee ana haki, itakuwa ni mchanga tu. Nitatoa yote," na ananyoosha mkono kuvuta ndoo, nami nauliza, najisikia nauliza, "Na samaki?" anatazama kioo, anafuta pua kwa mkono wa shati, "Mama, mimi sitakudanganya. Nikitibua maji sasa hivi, huyu sidhani atafika kesho." Sitakudanganya, anasema, ananiambia mimi... anarudi kabatini, "Nishikie tochi hapa, nizime pampu kwanza," nami namshikia, na ndoo iko kando yangu na kopo la kuzolea limo ndani yake, na mkebe wa udi uko chumbani chini ya kanga zangu, mkebe wa maziwa ya unga wenye picha ya ng'ombe, vimebaki vipande vichache chini, vimeshikana kwa sukari, na huo ndio mwisho, hakuna mwingine duniani, kwa sababu mama alipika udi wake kwa mkono, sukari aliiacha mpaka ikawa rangi ya kahawa, kisha vijiti vya udi, kisha marashi na miski, na kipimo hakuwahi kukisema, nilimuuliza akasema, "Waangalia tu," nikaangalia miaka thelathini, na nilipojaribu mwenyewe mwezi wa pili baada ya yeye kufa nikatoa sukari iliyoungua, nyumba ikanuka kiwanda cha halua, Mzamil akafungua madirisha yote... na haufai kunuswa mkebeni, nimejaribu hilo pia, mkebeni ni sukari na mti tu, mpaka uguswe na moto ndipo anakuja yeye, kanga yake, shingo yake, alipokuwa akinisuka nikiwa nimeegemea magoti yake na nywele zikivuta mpaka machozi, "Tulia, wewe," na chetezo pembeni... nikisema kweli mbele ya kijana huyu, huo moshi umekwisha, nyumba hii ni vyumba viwili na sebule, moshi wa chumbani unafika hapa hapa, na roshani upepo wa bahari kutoka Mbaraki unabeba mpaka nguo zilizobanwa, utabeba moshi nisipate hata kivuli chake, kwa hiyo ninyamaze, ni samaki tu, ni samaki mmoja, nilikuwa sina samaki maisha yangu yote... muongo mimi, samaki nilikuwa nao. Kila mwezi tukiosha lile birika, mimi na dada zangu, sketi tumezibana kiunoni, tunazibua tundu maji yanatoka yote kuelekea mferejini, tunasugua mawe kwa makumbi ya nazi mpaka mikono inachubuka, na chini kabisa, katikati, lilikuwepo bakuli la kauri, la maua ya buluu, limejengewa kwenye chokaa na watu waliokufa zamani hata mama hakuwajua majina, na maji yakipungua samaki wote huogelea wakaingia humo bakulini, wanajua wenyewe, wanajazana humo wanatusubiri tumalize, na mimi sikuweza kuona kitu kichafu nikakiacha, nikataka kulimwaga na lile bakuli nilisugue ling'are, na mama kutoka jikoni, hajaniona, ameketi amenipa mgongo anakuna nazi, lakini kajua, "Yumna, bakuli usiliguse. Waatieni samaki maji yao..."

Waatieni samaki maji yao, yaani tuwaachie hayo ya bakulini, kila mwezi, maneno yale yale, mpaka tulikuwa tunamwigiza na kucheka... na ni nani aliyeyamaliza maneno hayo, si mimi? Mimi, mwaka nilioolewa, sikutaka watu wa kwa Mzamil watoke mtaani huku Ganjoni kwenye mabomba na vigae halafu waende kwetu wakute watu wanachota maji kwa kata, nikalia, nikasusa kula, nikataka bafu la kisasa, na mama akanitazama akasema, "Haya mwanangu, na iwe utakavyo," bila kununa wala kusema zaidi, mafundi wakaja na saruji, na asubuhi yake, kabla hawajaanza kumwaga, nilimwona kainama ndani ya birika, mama, na maungo yale yaliyokuwa yashaanza kumuuma, anawazoa samaki bakulini kwa kopo, mmoja mmoja, kisha akajifunga buibui lake akatoka na kopo limefunikwa kwa sahani, akapita kichochoro chote hadi kwa jirani yetu mamake Khubaib, ambaye birika lake lilikuwa zima, akawatia humo, na kila siku mbili tatu akawa na sababu ya kwenda, mara kupeleka uji, mara kuomba chumvi, tukamtania kwamba amepata wachumba huko, na hakuwahi, hata siku moja, hata nilipomkasirisha kwa mambo makubwa zaidi, hakuwahi kuniambia, wewe ndiye uliyeliziba birika langu. Mimi najiambia leo. Mama yangu, mimi ndiye. Na mimi huyo huyo nimekaa wiki mbili namfukizia moshi kiumbe asiyeweza kuondoka, nikiita hiyo kuwa ni kukukumbuka wewe... wewe uliyefukiza mtungi wa maji ya kunywa, ukafukiza kanga na mito na nywele zetu, lakini sikuwahi kuona umeweka chetezo ukingoni mwa birika, sikuwahi, na wala sikujiuliza kwa nini.

Pampu imezimwa. Hakuna mlio tena, hakuna do, do, do, nasikia gari za chini barabarani na Mzamil anamuaga mtu kwenye simu, na Ronald anapumua kwa mdomo, "Tochi juu kidogo, mama," naipandisha... na mamake Khubaib alinipigia mwezi uliopita, sauti imechakaa lakini ulimi ule ule, "Mumeuza nyumba, mimi hamukuniuza, mbona huji?" na kweli siji, tangu ndugu watano tuweke saini na mnunuzi aweke kufuli lake, nikienda sokoni nazunguka mbali nisikione kile kichochoro, naogopa mlango, mlango tu, mbao na misumari... mkebe wa udi waweza kuingia kwenye mkoba. Unaenea vizuri, nikiufunga kwa kanga. Ijumaa baada ya swala nitajifunga buibui nipite kichochoro chote, nipite mlango na kufuli lake, mpaka kwa mamake Khubaib, nimwambie tia kaa, bibi, nimekuletea kitu cha mama, tukae naye uani mpaka kipande kiishe, na kama lile birika lake bado liko, na kama wamo wajukuu wa wale samaki, nitachungulia, kutoka mbali, chetezo nimekiweka upande wa pili... vikiisha vipande vimeisha. Ronald keshapandisha mkono wa shati mpaka begani, keshachukua kopo, mkono unashuka majini, na yule wa chungwa anajivuta kando, anajibana kwenye pembe ya kioo, hana bakuli la kukimbilia, anahema, na Mzamil anaingia kutoka roshani, "Kwani hajaanza bado?" nami mdomo wangu unafunguka na sauti inayotoka siyo yangu ya Ganjoni, ni ile nyingine, ya kutoka jikoni, ya mtu anayekuna nazi na amekupa mgongo.

"Ronald, usiuguse mtanga. Muatie maji yake."

Anageuka, mkono umo majini hadi kiwiko. "Mama?"

"Ni udi," nasema. "Nafukiza hapa kila siku. Uliponiuliza, nalikwambia uongo."