Lori la Mrefu

Mama Mrefu alikuwa fundi wa makochi. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wa vidole vyake, alikuwa anatengeneza modeli: nyumba, madaraja, magari, chochote mtu anachotaka kukiona kikiwa kidogo juu ya meza. Walikaa nyumba moja. Dada alifanya kazi chumba cha mbele kinachotazama barabara, ndugu yake chumba cha nyuma.

Mrefu mwenyewe, mwanawe, alikuwa amekufa mwaka uliopita. Alikuwa dereva jeshini. Siku ya mvua, wakiwa mazoezini, lori lake liliacha barabara kwenye mteremko likabingirika mpaka bondeni. Wenzake waliokaa nyuma walivunjika mikono na mbavu, wakapona. Yeye hakupona. Wakubwa wa kikosi wakasema alikuwa anakimbiza gari. Walisema hivyo msibani, mbele ya watu, kwa sauti ya upole, kama wanaomsamehe marehemu kosa lake.

Mchana mmoja mama huyo alikwenda chumba cha nyuma kuomba gundi. Sindano alikuwa ametoka kununua rangi. Mezani palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa, akakifunua.

Lilikuwa lori la jeshi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, limesimama juu ya kipande cha barabara ya udongo. Turubai lilikuwa limepauka kwa jua. Rangi ya mlango ilikuwa imechunika pale dereva anaposhika akipanda. Chini ya tangi palikuwa na doa la dizeli lililotiririka na kunasa vumbi. Na mlangoni, kwa rangi nyeupe, namba. Namba ile aliijua. Mwanawe alikuwa akiitaja kama mtu anavyomtaja mchumba.

Sindano aliporudi alimkuta bado amesimama, kitambaa mkononi.

"Hili la nani?"

"Dada, keti kwanza."

"Nimekuuliza la nani."

"La kikosi. Wanataka kuliweka ukumbini kwao."

"Na mimi ukaniambia ni lori la kampuni ya saruji."

"Ningekwambia nini? Nisingelifanya mimi, angelifanya mwingine ambaye hata hakumjua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Mrefu alisema. "Wamenirudishia mtoto kwenye sanduku, halafu wewe unawatengenezea pambo."

Sindano aliweka makopo ya rangi mezani. Dada yake aliinama, akatazama magurudumu. Tairi zilikuwa mpya, nyeusi, meno yake yamechongwa vizuri moja moja.

"Na hizi ni nini?"

"Tairi, dada."

"Zina meno. Mrefu alikuwa anasemaje kila akija likizo? Amekaa pale, sahani mapajani, anasemaje?"

Sindano alijua, akajigusa upara. "Kwamba tairi za lori lake ni vipara kuliko kichwa changu."

"Na sisi?"

"Tulicheka."

"Tulicheka," dada yake alisema. "Tulikaa humu ndani tukacheka."

Sindano akaeleza kwa sauti ndogo kwamba kikosi kilitaka lori lililochakaa, lionekane limefanya kazi.

"Basi lichakaze. Lakini ulichakaze lilivyochakaa. La sivyo nalitupa nje sasa hivi, na wewe ulifuate."

Akavuta kigoda akakaa mlangoni, fremu ya kiti kibovu miguuni, anang'oa misumari huku anamwangalia. Sindano akachukua msasa. Alipomaliza tairi ya kwanza alisema, "Hii moja inatosha, wataelewa."

"Zote."

Alisugua zote mpaka zikawa laini. Za mbele alizisugua zaidi ukingo wa nje, akabandika nyuzi nyembamba kutoka kwenye kitambaa cha dada yake, zikawa kama waya zinazochungulia mpira ukiisha. Kisha akachanganya udongo, gundi na unga wa rangi, akarusha tope kwa brashi ngumu kwenye madigadi ya lori na nyuma ya magurudumu. Tairi zenyewe alizifuta, zikabaki zinaonekana. Mama Mrefu hakumsifu. Kila msumari alioung'oa aliutupa kwenye kopo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kulipeleka, Sindano alimwomba abaki nyumbani.

"Nitakufungulia milango," dada alijibu, akavaa viatu.

Mkuu wa kikosi aliwapokea ukumbini. Alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno. Alilizunguka lori, akasifu turubai, akasifu doa la dizeli. Halafu akayafikia magurudumu, akanyooka.

"Fundi, hizi hujazimaliza?"

Sindano alitazama viatu vyake. Dada yake alikuwa tayari amefungua mdomo, ila yeye akawahi.

"Nimezimaliza, afande. Ndivyo zilivyokuwa."

"Nani kakwambia?"

"Dereva wake. Mpwa wangu. Na huyu ni mama yake."

Mkuu alivua kofia. "Pole sana, mama. Sikukutambua." Akamgeukia Sindano. "Lakini hapa wanakuja wageni. Ongeza tope tu, lifike nusu ya gurudumu. Barabara ni ya mvua, hakuna atakayeshangaa."

"Funika kombe mwanaharamu apite," Mama Mrefu alisema. "Na mwanaharamu hapa ni nani, afande? Mwanangu?"

"Sikumaanisha hivyo, mama."

"Mlikuja msibani kwangu mkasema alikuwa anakimbiza. Kwa tairi hizi, mteremko ule, mvua ile, hata angetambaa angeteleza. Mlijua. Mkala chakula changu, mkanawa mikono, mkaondoka."

Mkuu hakumtazama. "Fundi, ni kazi ndogo tu."

Na kweli ilikuwa ndogo. Tope ndilo Sindano aliloliweza kuliko vyote.

"Naiweza," alisema. "Ila siongezi."

"Basi lichukueni."

Njiani dada hakumshukuru. Alimgombeza mpaka nyumbani kwa kuipokea kazi ile tangu mwanzo. "Usifikiri yameisha," alimwambia mlangoni.

"Sijafikiri," Sindano alijibu.

Mama Mrefu aliliweka lori kwenye dirisha la mbele, kati ya majora ya vitambaa, magurudumu yakitazama barabara. Wateja walilisifu, wakauliza bei, akawaambia haliuzwi.

Kisha siku moja akaja askari aliyevaa sare, akachuchumaa nje ya kioo kwa muda mrefu. Mama Mrefu akatoka na nyundo mkononi.

"Unatafuta nini hapa?"

Askari alisimama. Mkono wake mmoja haukunyooka wote. "Shikamoo, mama. Siku ile nilikuwa nyuma ya lori."

Mama Mrefu alishusha nyundo.

"Nilipopona wakanipa lori lingine niendeshe," askari akasema. "Tairi zake ziko hivihivi. Mpaka leo."

"Hujawaambia?"

"Nimewaambia. Wamesema niendeshe polepole."

Mama Mrefu alimshika mkono ule mzima akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kochi ambalo gundi yake ilikuwa haijakauka vizuri, akamwita mdogo wake kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya barabara. Sindano akaja mbio, brashi sikioni.

"Mambo haya utayasema mbele ya watu?" Mama Mrefu alimuuliza askari.

"Watanifukuza kazi, mama."

"Watakufukuza ukiwa hai."

Askari aliinamisha kichwa. Sindano akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Askari akaanza kusimulia, tangu asubuhi ya siku ile, walivyokagua magari.