Nguruwe Aliyenenepa Badala ya Mama Coletha

Kama ungemwuliza Anisia anakula mara ngapi kwa siku, angekuapia kwa jina la somo wake kwamba yeye hali. Na wala hakuwa mwongo. Katika kijiji chao pale Bukombe hakuna aliyewahi kumwona ameketi mbele ya sahani yake mwenyewe.

Asubuhi aliwapikia watoto wake wanne uji wa ulezi. Coletha, mwenye miaka saba, aliacha nusu kikombe kwa sababu uji ulikuwa na utando. Onesmo aliacha kwa sababu Coletha ameacha. Gregory alitumbukiza kidole, akatangaza kwamba kuna mdudu, na mdudu hakuwapo. Donatus, kitinda mimba, alikunywa mara mbili, akacheua, akafumba mdomo kabisa. Mama mtu akavimaliza vikombe vyote vinne amesimama wima, maana ana haraka, na kinacholiwa kwa kusimama yeye hakukihesabu. Mchana ikawa hivyo hivyo kwa ugali wa karanga, jioni hivyo hivyo kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Usiku alilala akijisikitikia kwamba kutwa nzima hajatia kitu tumboni, na kitanda kikamlalamikia.

Wa kumlaumu simwoni. Ule mwaka wa ukame mkubwa, sabini na nne, alipanga foleni na Coletha mgongoni kungojea unga wa njano, ule watu waliouita Yanga. Mtu aliyesimama kwenye foleni ile hawezi kumwaga chakula, hata umlipe.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa sabini na tisa alimpeleka Donatus zahanati kuchanjwa. Mganga wa pale, Bwana Valerian, alimwona akihema toka getini, akamwacha mtoto, akamfunga mama kile kitambaa cha kupimia presha. Akapima. Akapima tena. Kisha akamwuliza kama mama yake mzazi yuko hai.

Hakuwa hai. Mama yake alikuwa mnene vile vile, akasifiwa kwa unene huo, akaanguka ghafla mbele ya jiwe la kusagia akiwa na miaka thelathini na sita. Anisia alikuwa na miaka kumi na miwili, na wadogo zake watano wakawa wake toka siku ile. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na thelathini na tatu.

Valerian alimtajia mambo ya kufuata: mafuta kidogo, chumvi kidogo, mboga za majani kwa wingi, ugali wa kiasi. Halafu akavua miwani.

"Na makombo uache, Mama Coletha. Tumbo lako si jalala."

Alirudi nyumbani akilia njia nzima, kwa hofu, si kwa hasira. Alijipigia hesabu ya miaka mitatu na kuiona fupi.

Wiki ya kwanza alijipakulia mlenda na kidonge cha ugali kwenye sahani yake, akaketi. Watoto walimzunguka, wakamtazama kama wanavyotazama mgeni, kisha wakaanza kuchovya kwake, wakaacha vyao. Siku ya tatu alijikaza, akamwaga uji wa Gregory uani. Alisimama akiutazama mpaka kuku wakaumaliza, na moyo ukamsuta kana kwamba ameiba. Siku ya nne akavinywa vikombe vyote vinne, na cha tano kilichoachwa na mtoto wa jirani.

Aliyemwokoa ni mumewe, Ngassa, mwanamume ambaye maneno aliyatoa kwa nadra. Alibeba madebe mawili ya michembe mpaka misheni, akarudi na dawa ndani ya gunia, dawa yenyewe inapiga kelele. Alikuwa mwananguruwe wa waridi mwenye sikio moja lililoinama. Watoto walimwita Bwana Shamba.

Tangu siku hiyo makombo yakapata mwenyewe. Hakuna kilichomwagwa, na hakuna kilichoingia kinywani mwa Anisia akiwa amesimama. Usidhani ilikuwa rahisi. Kuna siku mwezi wa tano Ngassa alimkuta ameinama kwenye hori, ameshika donge la ugali wa karanga, nguruwe anavuta upande ule, yeye upande huu bado hajaamua. Ngassa alipita kimya kama hajaona. Anisia aliliachia lile donge, akaenda kuchuma majani ya kunde huku akiwatukana wote wawili, nguruwe na Valerian.

Kufika mwezi wa saba alikuwa anapanda na ndoo ya maji toka kisimani bila kupumzika hata mara moja. Gauni la Pasaka lilimpwaya akalifunga kwa kanga. Presha ilishuka mpaka Valerian akampigia makofi mbele ya foleni nzima. Bwana Shamba naye alikuwa amenenepa mpaka macho yakawa hayaonekani.

Lakini kule kisimani wanawake walikuwa wanasema mengine. Walisema Ngassa amenaswa na machimbo ya dhahabu, kila anachopata anakifukia huko Geita, mkewe anakufa njaa. Ngassa, ambaye Geita hata njia yake hakuijua, aliacha kupita kilabuni kwa aibu. Maneno yakasafiri, nayo husafiri bila nauli, mpaka yakamfikia mama yake, Bibi Generoza.

Bibi alifika mwezi wa nane, siku nne kabla ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Ndiye aliyemchagua Anisia, na alimchagua kwa ajili ya mikono yake iliyojaa. Aliamkiwa, akaitika, akamtazama mkwe wake toka juu hadi chini. Akamtazama nguruwe. Akamrudia mkwe. Akauliza nguruwe aliletwa lini, akaambiwa mwezi wa kwanza. Akauliza kukonda kulianza lini, akaambiwa mwezi wa kwanza. Akatafuta kigoda.

"Mimi ni Mkristo, mambo hayo siyaamini," alimwambia Ngassa. "Lakini huyo mnyama amevaa mwili wa mke wako."

Ngassa alicheka, na alijutia kicheko hicho siku tatu. Waliitwa baba wadogo wawili, kikao kikakaa. Anisia alijaribu kueleza habari za Valerian, akaambiwa mgonjwa hajisemei. Hukumu ikatoka: nguruwe achinjwe kwa sikukuu, na Anisia ale kwanza, tena yale yenye mafuta, mpaka kilicho chake kimrudie.

Siku ya sikukuu, baada ya Misa, alikalishwa kwenye mkeka. Bibi Generoza alimwandalia kwa mkono wake: kilima cha ugali, na juu yake minofu ya mafuta na ngozi iliyokaangwa ikakolea chumvi. Na tuseme kweli, Anisia aliitaka. Miezi saba hakuwa ameonja mafuta, mate yalimjaa mpaka akaona haya. Tena sahani iliyotoka kwenye mkono wa mama mkwe haikataliwi. Wazee walimtazama. Akachukua mnofu, akauinua.

Hapo ndipo alipomwona Coletha. Mtoto yule alikuwa amembeba Donatus kiunoni, amemfuta kamasi kwa ncha ya gauni lake, anamtafunia nyama na kumlisha kwa vidole. Wenzake walikuwa wanacheza. Yeye hata hakuwatazama.

Anisia akaurudisha mnofu.

"Mayu, nisamehe," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma kama siku alipoolewa. "Mama yangu alikula hivi, akafa. Mimi ndiye niliyewalisha wadogo zangu. Huyu mtoto sitaki anirithi."

Baba wadogo wakaangalia pembeni. Bibi Generoza aliuliza mama yake alikufa na miaka mingapi, akajibiwa. Akawatazama wajukuu mmoja mmoja: Onesmo yuko juu ya mabega ya mzee, Gregory anamlilia Bwana Shamba kwa sauti huku anamtafuna, Donatus amejipaka mafuta hadi kichwani. Ilionekana wazi kwamba anawahesabu. Kisha akaivuta ile sahani upande wake.

"Basi konda," alisema. "Mimi nina miaka sabini. Ukifa, hawa nitawakimbiza kwa miguu ipi?"

Akaagiza Ngassa aende misheni kesho akatafute nguruwe mwingine. Akaagiza mwanamke yeyote wa kisimani mwenye neno alilete kwake. Halafu akanyoosha mikono kwa Coletha, akamwambia amlete huyo mtoto, aende zake akacheze.

Coletha alimweka Donatus mapajani mwa bibi yake. Alisimama kidogo, mikono mitupu, kama haamini, kisha akawakimbilia wenzake.