Mwanya wa Kidole

"Gati lako limetoa kibiongo, mzee wangu," mkaguzi alisema. Alikuwa amesimama mguu mmoja juu ya mbao na mwingine bado kwenye changarawe, kama mtu aliyepiga hodi akajuta.

Fundi alikuwa akikitazama. Kibiongo hakikuhitaji shahidi. Gati lilitoka mlangoni mwa jikoni kwake, likapita juu ya matope, na lilipofika katikati ya safari yake kuelekea majini likainuka mgongo, na nguzo mbili zikajipinda kwa nje. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mbao zilikuwa zimekunywa zikashiba, zikavimba, na sasa kila moja ilimsukuma jirani yake kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.

"Ni mvua," alisema mwishowe.

"Mvua imemnyeshea kila mtu." Mkaguzi alichuchumaa, akajaribu kupenyeza kidole chake cha mwisho kati ya ubao na ubao. "Hakiingii. Hata ukucha hauingii. Hapa wembe ungekwama, mzee."

Lilikuwa jambo la aibu, maana ufuko mzima ulimwita fundi huyo Kidole. Mafundi wengine walipima mianya ya mbao kwa kipande cha mti. Yeye alitumia kidole chake cha mwisho, mkono wa kushoto, na hakuwahi kukosea. Watani wake walidai kwamba hata siku ya harusi yake alikipitisha kwanza kati ya kiti chake na cha mama mkwe, akaona hapatoshi, akasogea.

Na kanuni za magati ya nyumbani alizijua kama anavyojua njia ya chooni kwake gizani. Nyumba moja, gati moja. Lisiezekwe paa. Lisimzuie mtu anayepita ufukweni kwa miguu. Na mbao zake ziachiane mwanya wa kidole, ili jua lipenye liyafikie majani yanayoota chini ya maji. Kanuni hiyo ya mwisho aliipigania kuliko waliomwajiri. Kuna wakili mmoja, mwenye nyumba ya vioo kule kwenye kona, aliyetaka mbao zibanwe ili visigino vya wageni wake visinase. Kidole alikusanya vifaa vyake akaondoka, akimwachia wakili nguzo tupu zikimtumbulia macho.

"Ulijenga na mianya," mkaguzi alisema. "Niliiona mwenyewe nikagonga muhuri. Tena kwa wengine natoa futi nipime. Kwako sijawahi."

"Niliifunga baadaye. Wakati wa kiangazi."

"Kiangazi." Mkaguzi alilitafuna neno hilo. "Ukabana mbao kavu, kiangazi, zisubiri mvua. Wewe?"

"Mimi."

Kosa lile hata mtu wa kubeba maji kwenye kazi asingelifanya. Kidole alikuwa amewafukuza watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini kiangazi kile hakuwa akiwaza mvua. Alikuwa akiwaza nyonga ya mkewe.

Mkewe alikuwa ameanguka, na mfupa ukakataa kuunga. Halafu mifupa mingine nayo ikaanza kumuuma, na daktari akawa anazungumza huku anatazama dirishani. Kila alasiri Kidole alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mwisho wa gati, na kila mwanya ulikuwa kofi. Kofi, kofi, kofi, mpaka majini. Mkewe hakulalamika. Ila Kidole aliona alivyoshika mikono ya kiti, na siku moja akamsikia akisema, "Leo tubaki ndani, mume wangu." Kesho yake Kidole aliamka akang'oa mbao zote, akazisogeza zikabanana, akaziba nafasi iliyobaki kwa mbao mpya. Tangu hapo kiti kiliteleza kama sahani juu ya meza iliyopakwa mafuta.

"Rudisha mianya, ama ling'olewe lote," mkaguzi alisema polepole. "Ipo ruhusa maalumu kwa wenye mgonjwa. Lakini kamati itakaa msimu ujao."

"Msimu ujao," Kidole alisema, akitazama dirisha la jikoni, kama mtu aliyetajiwa mji ambao hatafika.

"Nitarudi Ijumaa, mzee wangu. Nikikuta hivi hivi, hawatanituma mimi kuling'oa. Watatuma watu wasiokujua."

Toka ndani sauti ikaita, nyembamba lakini haijaisha utani: "Nani huyo unamfokea?"

"Simfokei mtu, Bibie. Ni wa kibali."

"Basi mkaribishe. Au na yeye umembana?"

Mkaguzi aliinamisha uso, akaondoka.

Kesho yake Kidole alikuja na mpango, na kusema kweli ulikuwa mpango wa kihuni. Angefungua mbao za pembeni na za mwanzo, pale mkaguzi anapochuchumaa, na katikati angeacha zilivyo. Pale penye mianya, angetandika mpira mzito kama zulia, kiti kipite, aukunje. Alikuwa ameshapata mpira wenyewe, ameukunja nyuma ya mlango.

"Unapika nini wewe?" mkewe aliuliza. Alikuwa juani kwenye kiti chake, pale kibiongo kilipoanzia, maana zaidi ya hapo kiti kilikataa kupanda.

Kidole akamweleza yote. Hakujua kumdanganya, alikuwa amejaribu miaka ya mwanzo, akaacha.

"Huo mpira utautandika leo, kesho utauacha hapo hapo. Nakujua. Hebu kwanza ning'olee ubao huu, hapa mbele ya miguu yangu."

"Wa nini?"

"Nataka kuona."

Ubao ulikataa. Kidole aliingiza mtaimbo, akauegemea kwa kifua, na ubao ukatoka ukipiga ukelele kama jino. Mwanga ukadondoka chini. Maji yalikuwa yamekupwa, yamebaki kidogo tu, na chini yake palikuwa na mchanga wa kijivu, mtupu, kama kichwa kilichonyolewa. Kushoto na kulia majani yalikuwa bado ya kijani, yamelala upande mmoja. Kati ya kijani na kijivu mstari ulikuwa umenyooka kama umepigwa msumeno. Gati lote lilikuwa limechorwa pale chini, urefu wake na upana wake.

Bibie aliinama akatazama kwa muda mrefu. Pale ndipo alipokuwa akiokota chaza tangu msichana. Alikokota kapu hapo akiwa na mimba za watoto wake wote, na watoto wenyewe wakajifunza kutambaa kwenye mchanga huohuo, kisha wakaenda mbali, wakawa sauti za simu.

"Miezi yote hii unanileta baharini," alisema, "na mimi natazama mbao."

"Ulikuwa unaiona bahari. Pale mwisho."

"Ile ya mbali ni ya wenye meli. Yangu ilikuwa hii ya chini. Nilikuwa nikiiona kwenye mianya. Kofi moja, nachungulia. Kofi jingine, nachungulia."

Kidole aliuweka mtaimbo chini. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

Hakuna mtu aliyewahi kumpiga Kidole vibaya namna ile, na yeye alikuwa mtu wa kupigana enzi zake.

"Irudishe," mkewe alisema.

"Utaumia, mke wangu."

"Nitaumia. Hata kitandani naumia, na kule hakuna cha kutazama ila dari ulilokataa kulipaka rangi."

Akairudisha. Siku zote zilizobaki aling'oa na kupigilia, akazinyoosha nguzo kwa kamba na matusi, na kibiongo kikashuka. Kila baada ya ubao aliingiza kidole chake cha mwisho, akakizungusha, akaendelea. Alikuwa amefika mbali ndipo akagundua kwamba mianya ilikuwa mipana kuliko ya zamani. Akakitazama kidole. Kifundo kilikuwa kimevimba kwa uzee, kimekuwa kama tangawizi. Akawaza kuanza upya. Akakiingiza tena, akaendelea vilevile.

Ijumaa mkaguzi alichuchumaa, kidole chake kikapita na kucheza. "Umezidisha, mzee wangu."

"Kipimo kimevimba."

Mkaguzi alitaka kucheka, akaishia kupumua. Aligonga muhuri akiwa amesimama.

"Yale majani," Kidole aliuliza kwa sauti ya chini, mgongo wake ukiwa upande wa dirisha, "yatachukua muda gani?"

"Miaka. Yakirudi."

"Ukipita dirishani hapo, usilitaje hilo."

Alasiri Kidole alimtoa mkewe. Kwenye ubao wa kwanza alisita.

"Sukuma," Bibie alisema.

Kofi. Alikuwa ameuma upindo wa shuka. Kofi. Kidole alisukuma kama anayebeba yai kwenye kijiko, na bado kila mwanya ulimfikia mkewe mpaka mabegani. Katikati, pale palipokuwa na kibiongo, Bibie aliinua mkono. Wakasimama. Alijikunja taratibu juu ya magoti yake akachungulia.

"Yatarudi lini?"

"Karibuni."

"Mwongo mkubwa wewe." Hakuinua kichwa. "Ngoja kwanza. Usisukume."

Kidole akangoja, mikono juu ya mgongo wa kiti. Chini yao jua lilikuwa limelala mchangani vipande vipande, vyembamba, vinene kidogo kuliko inavyotakiwa, na katikati yao kivuli cha kiti na cha watu wawili. Maji yalikuwa yanaanza kurudi. Yalikifunika kipande kimoja, kikatetemeka bila kuzimika, kisha yakakifikia kingine.