Picha Sitini na Mngoni Mmoja

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba sina kiti, sina viatu, sina leseni ya urubani, sina nafasi kwenye diski, na sina ujasiri wa kumpigia simu mtani wangu Xavery Gama wa Namtumbo. Vingine vyote nilikuwa navyo. Ndege, kwa mfano, nilikuwa nayo.

Kabla sijaingia ndani ya ndoto, nieleze jambo lililonilaza na mawazo. Gama ni Mngoni, na mimi ni Mhehe niliyehamia Songea zamani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaturithisha utani. Sasa Gama aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Wiki ijayo anatakiwa Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji, la sivyo hatatembea tena. Daktari amekataza basi, maana nyonga ile haitavumilia kutwa nzima ya barabara. Watoto wake wamemnunulia tiketi ya ndege. Gama hajawahi kupanda ndege, na amesema hapandi.

Ndipo nikaona nimsaidie. Kwenye kompyuta yangu nina mchezo wa kurusha ndege, ambao nimejifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza mengi tangu nilipomaliza madarasa ya jioni ya watu wazima. Nikaruka kutoka Songea mpaka Dar, nikairekodi safari nzima, nikamtumia kwa simu ili aone kwamba hakuna la kutisha. Sikujua kwamba kompyuta ilikuwa imeelemewa. Wala sikujua kwamba simu ikituma video huibana kama mtu aliyekalia mkate. Ilipomfikia Gama, ndege ilikuwa inarukaruka kama panzi juu ya kikaango.

Akanipigia. "Mhehe, ile ni ndege au kiroboto?"

"Video ndiyo mbaya. Ndege yenyewe ni nzima."

"Babu zako walishindwa kutumaliza ardhini, sasa wewe unataka kunimalizia angani. Mwambie rubani wako mimi nimeshuka."

"Hujapanda, umeshukaje?"

"Nimeshuka mapema. Mngoni hangoji kusukumwa."

Alicheka kidogo, kicheko kilichokauka, akakata simu. Namjua Gama. Kicheko chake cha kweli hutikisa mabati. Kile kilikuwa cha mtu anayeogopa.

Basi jana jioni niliwasha kompyuta nianze upya, safari hii kwa utaratibu: video safi, nzito, ambayo nitaikata na kuipanga vizuri bila kuiharibu. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Halafu nadhani nilisinzia.

Nimesimama ndani ya chumba cha rubani, kwa sababu sina kiti. Chumba cha rubani ni sebule yangu. Pazia ni lile lile la maua, ila nyuma yake kuna uwanja wa ndege wa Songea, umekaa kimya kama mgeni aliyefika mapema.

Kwenye nafasi ya rubani msaidizi ameketi Mkasi. Amevaa tai.

"Mimi ndiye nitakayeihariri video yako," anasema. "Umeniletea nini?"

"Bado sijarekodi."

"Afadhali. Watu huniletea kitambaa kilichogugunwa na panya, halafu wanataka suti. Mimi nakata tu, mzee. Sizibi matundu. Niletee kitambaa kizima, na kiwe kipana kuliko mwili."

Nikamwambia nimeelewa. Mkasi akafunga mkanda.

Pembeni palikuwa na kiumbe mwekundu, wa mviringo kama nyanya iliyoiva, ameshika kijiko mkono mmoja na debe mkono wa pili. Akajitambulisha kuwa ndiye Kinasa.

"Nikupimie kwa kijiko au kwa debe?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kwa kijiko, video inakuwa nyepesi, lakini ukiikata na kuihifadhi tena, mawingu yanageuka matofali. Kwa debe, wingu linabaki wingu."

"Nipimie kwa debe."

"Mzee hana mchezo," Kinasa akamwambia Mkasi. Mkasi akakubali kwa kujifungua na kujifunga mara moja.

Tatizo lilikuwa Diski. Alikuwa ameketi sakafuni, mashavu yamevimba, kipande cha mlima kinamning'inia mdomoni. Nilipomwomba atunze video yangu akaniinulia kidole mpaka amalize kumeza.

"Huu mchezo wako unanilisha milima, mito na viwanja vya ndege bila kupumzika," akasema. "Na wewe unataka wakati huo huo nikusimulie ninachokula. Mama yako hakukufundisha kwamba mtu haongei na chakula mdomoni?"

"Alinifundisha."

"Basi mwite mdogo wangu."

Mdogo wake akatoka kwenye droo ya kabati, mwembamba, mdomo mtupu. "Mimi sijaonja kitu tangu niliponunuliwa," akasema. "Semeni, nitatunza."

Nikaona huu ndio utaratibu. Mmoja ale, mwingine asimulie.

Tunaruka. Uwanja unabaki nyuma, unapunga mkono. Mabati ya Songea yanametameta, kisha yanakuwa mbuga, bila mtu kuomba radhi. Juu ya bawa la kushoto amesimama mtu aliyevaa fulana ya kampuni ya simu na kushika mwavuli.

"Ndugu mteja," anaita, "jishindie pikipiki! Tuma neno—"

"Tunarekodi," namwambia. "Video ikionyesha tangazo lako, mtani wangu atadhani ndege zinauza vocha."

"Samahani, ndugu mteja." Akafungua mwavuli, akateremka. Mtu mstaarabu.

Hapo ndipo zikaja picha.

Mjue kwamba video ni picha nyingi zinazopita haraka mpaka jicho likadhani ni kitu kimoja kinachotembea. Video yangu niliipangia picha sitini kila sekunde. Katika ndoto walikuwa vijana waliovaa mashati meupe, wamepanga mstari kutoka dirishani hadi mkiani na kuendelea nje, kila mmoja amebeba anga lake kifuani. Kazi yao ilikuwa kufika dirishani, kujionyesha, na kupita.

Wa kwanza akajionyesha, akapita. Wa pili akasimama.

"Shikamoo, kaka," akamwambia wa kwanza.

"Marahaba. Hawajambo huko nyuma?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Wa tatu akawaamkia wote wawili. Wa nne akawaamkia watatu, na mmoja wao akamuuliza habari za masomo. Ndege ikaganda hewani. Halafu ikaruka mbele kwa kishindo. Halafu ikaganda tena.

"Wanangu, piteni!" nikasema.

"Tutampitaje mkubwa bila kumwamkia, mzee?" akauliza wa tano. "Huyu alizaliwa mbele yangu. Aliyaona mawingu wakati mimi sijulikani."

"Amekuzidi kiasi gani?"

"Sekunde moja ukiigawa mara sitini, amenizidi kipande kimoja."

Maisha yangu yote nimewagombeza watoto wanaopita bila kuamkia. Sasa nimepata sitini wenye adabu, na adabu yao inaiangusha ndege.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Sikusema mimi? Kiroboto."

Nikageuka. Mlango wa chumba cha rubani ulikuwa umefungukia chumbani kwa Gama, Namtumbo. Yupo kitandani, blanketi la kijivu mpaka kifuani. Ndege ikashtuka tena, na yeye akaondoa blanketi, akajikokota mpaka kwenye mlango wa nje, akavuta komeo. Upepo ukaingia. Chini kabisa mto Rufiji ulikuwa mwembamba kama uzi uliodondoka.

Gama akatoa mguu mmoja nje. Ule mzima.

"Gama! Unakwenda wapi?"

"Nashuka hapa hapa. Nitaomba lifti kwa kiboko."

"Hutafika!"

"Na huku nitafika? Tazama inavyorukaruka!"

Nikamtazama Mkasi. "Usinitazame mimi," akasema. "Mimi nakata tu. Akishuka, nitapakata mahali alipokuwa, na watazamaji hawatajua kwamba alikuwepo."

Alilisema hilo bila ubaya. Lakini lilinipasua moyo, na mimi moyo ukinipasuka sijui kubembeleza, najua kutukana tu.

"We Mngoni!" nikapaza sauti. "Funga huo mlango, unatuingizia baridi! Hata nyonga yako imekukimbia kwa aibu, na bado una kiburi!"

"Mhehe usiye na kiti!" akajibu, mguu ungali nje. "Hata ndotoni wanakutia adabu, umesimama kama mlinzi wa benki!"

Mstari mzima wa picha ukageuka kututazama. Wa tano akainua mkono.

"Mzee, huyo ni mdogo wako?"

"Kanizidi masika mawili."

"Na hujamwamkia?"

"Huyu haamkiwi. Huyu ni mtani wangu. Mtani ukimkuta njiani unamsukuma."

"Na hakasiriki?"

"Akikasirika, analipa jogoo. Ndivyo ilivyo. Na siku nikifa, huyu ataingia kaburini mwangu kabla yangu, alale chali, akatae kutoka mpaka wanangu wampe kitu. Watu wote watakuwa wanalia, yeye atawachekesha. Hakuna mwingine anayeweza kunifanyia hivyo." Nikajikuta nimeshika pazia la maua. "Lakini kaburini mtu huingia kwa miguu. Ndiyo maana nataka atembee."

Mguu wa Gama haukuingia, ila haukusogea mbele pia.

Picha wakasogeleana, wakanong'onezana. Kisha wa tano akauliza kwa heshima zote, "Mzee, kuna kizuizi chochote na sisi tukiwa watani?"

"Mimi sikioni."

Wa tano akamgeukia wa nne, akasafisha koo. "Sogea," akasema, "sura kama wingu lililokosa mvua!" Akamsukuma.

"Wewe ndiye sura," akasema wa nne, akipita dirishani mbio. "Umebeba anga la mtumba!"

"Pita, kichogo kama tairi la mbele!" wa sita akamwambia wa tano.

"Mwone huyu, kazaliwa sasa hivi na tayari amechelewa!"

Wakaenda. Walisukumana, wakatukanana, wakacheka, na hakuna aliyesimama mbele ya dirisha zaidi ya haki yake. Sitini, na sitini, na sitini tena. Ndege ikatulia. Mawingu yakateleza pembeni kama mafuta kwenye sahani. Niliweka kiganja juu ya kioo na sikuhisi hata mtetemo.

Gama alikuwa akiwasikiliza. Aliposikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba ana magoti kama vitumbua, bega lake likatikisika. Kisha akacheka. Kicheko chenyewe, kile cha mabati. Akarudisha mguu ndani, akafunga komeo, akarudi kitandani akiwa bado anacheka na kujifuta machozi kwa blanketi.

Mwanamke aliyefunga khanga kiunoni akapita kati yetu na mitungi. Alikuwa mtunza sauti.

"Ngurumo ya injini nimeitia mtungi wa kwanza," akaniambia. "Maneno yako, mtungi wa pili. Hiki kicheko nakiweka wapi?"

"Usikichanganye na vingine."

"Kwani mimi mgeni wa kazi? Ukimwaga chai kwenye mchuzi, nani atazitenga tena?" Akatoa mtungi wa tatu, akaukinga karibu na kitanda mpaka ukajaa, akaufunika kwa kipande cha jani la mgomba.

Mbele yetu ukatokea uwanja wa Dar es Salaam, taa zake mistari miwili. Nikapiga hodi. Uwanja ukaitika karibu. Tulitua taratibu hata Mkasi, aliyekuwa akihesabu matundu kwenye kitambaa, hakuinua kichwa. Hakupata tundu.

"Mhehe," Gama akaita kutoka nyuma, "tunaanza kushuka lini?"

"Tumeshafika."

"Acha uongo."

"Chungulia."

Akanyanyuka kuchungulia, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shingo ilikuwa imekakamaa, jua limetanda juu ya kibodi, na kwenye kioo ndege ilikuwa imeegeshwa Dar, injini zimezimwa. Sikumbuki kuitua.

Nikafungua video. Ilikuwa safi, nzima, inateleza tangu Songea hadi mwisho. Nikaiingiza kwenye programu ya kuhariria. Hapo nikasogea karibu na kioo. Kinasa sauti nilicho nacho ni kimoja, na nilikuwa nimepanga mistari miwili tu ya sauti, wa injini na wa maneno yangu. Chini ya picha palikuwa na mistari mitatu.

Nikanyamazisha ule wa kwanza na wa pili, nikacheza wa tatu.

Mke wangu akaita kutoka jikoni. "Baba Oswini! Gama kaja saa ngapi? Mbona hukuniambia niongeze maji ya chai?"

"Bado yuko njiani," nikamjibu.

"Njiani wapi, na namsikia anacheka humo ndani?"

Nilikuwa na kazi. Nilikata mwanzo, pale ninapokohoa na kutafuta miwani. Nilipunguza injini. Mstari wa tatu sikuugusa. Nilipomaliza niliinakili video kwenye flashi, maana kwa simu sitatuma tena, nikachukua karatasi na kuandika:

"Mngoni, tia flashi hii kwenye televisheni ya mwanao, uongeze sauti. Wewe Dar umeshafika, nimekusikia kwa masikio yangu. Sasa ilete na nyonga."

Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye bahasha pamoja na flashi, nikalamba gundi, nikaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Stendi nilimkuta kondakta wa gari la Namtumbo akiwa ameshaning'inia mlangoni. Akaipokea, akasoma jina la Gama juu yake, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo, akapiga bodi ya gari mara mbili, na gari likaondoka.