Maji Yaliyokwenda Jomvu

Jumamosi alasiri, king'ora cha karakana ya reli kikisha kulia, Mzee Justus alipangusa vumbi la makaa ya mawe kwenye mabenchi ya darasa la Changamwe, akaweka bakuli la bati juu ya meza ya mwalimu, kisha akawaita wageni waingie. Wageni ndivyo walivyoitwa watu waliotaka kujiunga na Wapresbiteri, hata wale waliozaliwa papo hapo Changamwe, na huyo Justus mwenyewe kashuka na gari la moshi juzi tu kutoka bara. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, na kanisa lilikuwa changa. Halikuwa na jengo wala mchungaji wa kukaa. Mchungaji alikuja mara chache kwa mwaka, akabatiza, akagawa mkate na kikombe, akarudi zake bara.

"Sisi hatuna sanamu, hatuna ubani," Justus aliwafundisha, kwa Kiswahili kilichowafanya wanawake wa pwani wafiche midomo kwa leso. "Tuna Neno. Tuna meza ya Bwana, na mkate unapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu amekaa mahali pake. Mchungaji si sultani. Wazee wa kanisa mnawachagua nyinyi wenyewe. Na tuna maji. Maji yenyewe hayana nguvu, ni ishara tu."

Nyamvula aliyapenda mafundisho hayo. Alikuwa mke wa pili wa Lewa, kuli wa bandarini, na walikuja wote watatu: Lewa mbele, Jumwa mke mkubwa nyuma yake, na Nyamvula mwisho, bintiye Kadzo mgongoni. Huo mkate wa kupitishwa ndio uliomkaa moyoni hasa. Maisha yake yote alikuwa amekula baada ya wenzake.

Masomo yalipokaribia kwisha, Justus akasema lililobaki. Mume mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja, na huyo mmoja ni wa kwanza. Alilisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Lewa akainamisha kichwa, akakaa hivyo hivyo.

"Na mtoto, Mzee?" Nyamvula akauliza.

"Mtoto ni wa nyumba. Atabaki na baba yake, alelewe Kikristo."

"Na mimi je? Si nami nasoma humu humu?"

"Wewe Mungu atakuona, mama."

Haya, akaondoka. Kaka yake Thoya alikuwa na kishamba Jomvu Kuu, akampa chumba cha uani. Jumwa alimfungia unga wa muhogo, akalia kweli kweli, kisha akambeba Kadzo akaingia naye ndani. Kulia walilia wote siku hiyo, lakini aliyetoka na mzigo kichwani alikuwa mmoja.

Jumapili ya ubatizo, Nyamvula alikuwa uani kwa jirani yake Bi Mwanatabu, akimkunia nazi. Maji yakamwagika utosini mwake. Yalikuwa ya baridi, kiasi cha kujaza kiganja. Yakamwagika tena, na tena, kisha yakakoma. Jua lilikuwa kali na wingu halikuwako. Bi Mwanatabu, mwanamke wa sala tano, alimtazama akarudi kwenye mchele wake aliokuwa akiuchagua.

"Hayo ya kanisani hayo, mwanangu," akasema. "Sogea pembeni, nazi isilowe."

"Vyema, Bibi." Nyamvula akasogea. Alijua ni maji ya Lewa, na moyo ukamuuma upya.

Kule Changamwe mchungaji alikuwa amemmiminia Lewa mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akampa jina Gershom. Kichwa cha Lewa kilibaki kikavu, na vumbi la simenti la bandarini bado limo nyweleni. Mchungaji alikitazama kiganja chake, akafunga kwa sala.

Kesho yake jioni, habari za uani kwa Bi Mwanatabu zilipowafikia, wazee wa kanisa wakaenda Jomvu kwa miguu kuuliza maji yaliishia wapi. Thoya akawaangulia madafu.

"Yalikufika, mama?" akauliza Justus.

"Yalinifika."

"Yote?"

"Hata leso ililowa."

Wakashauriana pale pale. Ubatizo haurudiwi, hilo halikuwa na mjadala. Maji yalikuwa safi na maneno yalisemwa sawasawa, basi Nyamvula kabatizwa, na jina lake ni Gershom, kwa kuwa ndilo lililotamkwa. Lewa naye aliyajibu maswali yote, na maji ni ishara tu. Basi ishara imekuja Jomvu, neema imebaki Changamwe, na Lewa atapokea mkate na wenzake. Wazee waliridhika, wakanywa madafu yao.

"Kama n'mebatizwa," Nyamvula akasema, "nirudishieni mtoto wangu. Si nyinyi mwataka alelewe Kikristo?"

Justus akakuna kidevu. "Ubatizo umekufanya dada yetu, mama. Haukukufanya mke wa mtu. Mchungaji akirudi tutambatiza Kadzo, na watakaosimama naye ni Lewa na Jumwa. Wewe karibu kanisani. Kuna benchi la wageni."

"Mgeni tena? Na maji yote yale?"

"Ni pale nyuma, karibu na mlango. Kuna upepo mzuri."

Nyamvula alichukia mno. Lakini usiku alipolala wazo likamjia, akalishika. Walikuwa hawajayaona maji yakimwangukia, walisikia tu. Yakimwagikia kichwani pake mbele ya macho yao, siku ya mtoto wake, nani tena atauliza Kadzo ni wa nani? Asubuhi akamwomba Thoya asuke kitanda kidogo cha kamba. Kila Jumapili akawa anakwenda Changamwe, anakaa karibu na mlango, anakitazama kisogo cha Kadzo kule mbele.

Mchungaji akarudi masika yalipokwisha. Lewa na Jumwa wakasimama mbele, Kadzo katikati yao.

"Mnaahidi," mchungaji akauliza, "kumlea mtoto huyu katika njia ya Bwana, kwa mafundisho na kwa mwenendo wenu?"

"Twaahidi," wakasema wale wawili.

"Naahidi," akasema Nyamvula kule nyuma, amesimama.

Mchungaji akamtazama Justus.

"Endelea, Mchungaji," Justus akasema taratibu. "Huyo hakuulizwa."

Nyamvula hakuketi. Moyoni alisema, haya, subirini. Mchungaji akachota maji bakulini, akamimina juu ya Kadzo. Maji yakamwangukia Nyamvula pale mlangoni, watu wote wakiona, yakamtiririka usoni na shingoni. Mara ya pili vile vile, na ya tatu. Kadzo akajishika kichwa chake kikavu, akageuka.

"Mayo!" akaita, kama waitavyo mama zao watoto wa kwao. "Mayo, umelowa!"

Nyamvula akangoja mtu aseme neno. Lewa alikuwa akitazama viatu vyake. Wengine walikuwa wakitafuta wimbo vitabuni. Jumwa akamshika Kadzo kidevu, akamgeuza uso mbele pole pole, na wimbo ukaanza.

Mke wa Justus alikuwa ameketi karibu na Nyamvula tangu mwanzo, taulo limekunjwa mapajani. Akampa. Nyamvula akajifuta uso, na uso ukalowa tena, akajifuta tena, kisha akalikunja taulo ili amrudishie mwenyewe.

"Kaa nalo, mama," yule mwanamke akamnong'oneza. "Utalihitaji tena. Jumwa ni mjamzito."