Mikono Nje ya Bakuli

Jumamosi ya tatu Kitione alikaa sebuleni kwangu tangu jua lilipozama, na binti yangu Vasiti akamjibu maneno ambayo hayawezi kujaza hata kifuu kimoja. Ndiyo. Hapana. Asante. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya dirisha, nasuka ukili wa mkadi, na kila jibu lilipotoka nilivuta ukili mpaka ukakatika.

Kwetu visiwani Vava'u mwanamume akimtaka binti haji peke yake. Huja na kava, ile mizizi inayosagwa na kukorogwa na maji ikanywewa, na mjomba wake, na rafiki wa kumpa moyo. Binti hukaa penye bakuli, anakoroga, anajaza vifuu, na anayemtaka hukaa ubavuni pake. Wengine wanaimba na kutaniana na kujifanya hawasikii, ili wale wawili wapate kusemezana. Hiyo ndiyo kazi ya bakuli. Mtu akitaka kava tu, si atakunywa kwao?

Kitione ni fundi wa injini za boti. Anaimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Hanywi pombe, hana mtoto wa pembeni, na hayo niliwauliza watu wasiompenda. Vasiti ana miaka thelathini na mitatu, anafundisha darasa la pili, na darasani sauti yake inafika barabarani. Nilikuwa nimemwomba Mungu mtu wa namna hii mpaka magoti yakaota sugu. Sasa mtu kaja, na binti kawa gogo.

"Dada Vasiti," alisema mmoja wa wale rafiki, kijana mwenye mdomo, "jina lako ni la yule malkia kwenye Biblia aliyeitwa na mfalme akakataa kwenda, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi Kitione, ndugu yangu, kama mfalme alikataliwa, wewe na mafuta yako ya injini unategemea nini?"

Watu wakacheka. Kitione akacheka pia, akamgeukia, akangoja. Mtoto wa miaka mitano angejua kwamba hapo panatakiwa neno. Vasiti akajaza kifuu, akampa Fehoko, mjomba wa Kitione, kwa mikono miwili.

Halafu gari likapita barabarani, naye akatoa mikono nje ya bakuli. Aliiweka mapajani, inachuruzika maji juu ya mkeka wangu, mpaka gari lilipopotea. Kisha akairudisha. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu Jumamosi ya kwanza. Nilidhani anaogopa vumbi.

Walipokuwa wanaondoka Kitione alikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi.

"Mama, nitakuja Jumamosi moja zaidi."

"Moja tu?"

"Sina hasira, mama. Lakini mjomba anatoka kijiji cha pili na miguu yake inamuuma, na mimi sijui kama binti ananichukia au ananionea haya. Akinichukia aseme. Nitaelewa. Ila kusemeshana na bakuli siwezi."

Nilimpa kipande cha kiazi kikuu cha kuchoma akala njiani.

Jumatatu, alipotoka shule, nilimkalisha Vasiti mkekani aning'olee miiba ya majani ya mkadi. Mtu akishika kazi mkononi huwa hakimbii.

"Kitione unamtaka au humtaka?"

"Mama."

"Nimeuliza."

"Namtaka."

Alilisema chini sana, lakini alilisema. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa pamoja.

"Sasa kwa nini humwambii? Mtu anakuuliza umeshindaje, unasema asante. Ni jibu gani hilo?"

"Maneno yapo, mama. Kila wiki nayapanga tangu Jumatano. Nikifungua mdomo nasikia mtu anakuja."

"Mtu gani?"

Akang'oa mwiba, akauangalia.

"Unamjua," akasema. "Na usimseme vibaya. Ni kaka yangu."

Hapo nikaelewa ile mikono, na nikakasirika, sijui hata nimkasirikie nani.

Vasiti alipokuwa na miaka kumi na sita palikuwa na mvulana wa kwaya, Hanisi, mwembamba kama ufito. Walikuwa wanatoka mazoezini pamoja. Jioni moja walisimama nyuma ya tangi la maji la kanisa, Hanisi akamgawia nusu ya ubani wa kutafuna. Ubani tu. Kaka yake Lopeti, aliyekuwa na miaka kumi na minane, akawakuta. Alimpiga Hanisi mpaka jino likatoka. Dada yake hakumgusa wala hakumsemesha neno. Kwetu kaka na dada hawasemezani mambo hayo, hata kukaa chumba kimoja wakishapevuka hawakai. Aliokota begi la shule la Vasiti, akalileta nyumbani, akaliweka kizingitini, akaenda zake.

Kijiji kizima kilimsifu. Mchungaji alisema huyo ndiye kaka. Marehemu baba yao alichukua nguruwe akaenda na Lopeti kwa kina Hanisi kuombea lile jino, wakala, wakalia, yakaisha. Kwa Vasiti hakuna aliyekwenda na kitu. Hakuna aliyeona kama kwake kumetoka jino.

Wala hakuna aliyemkataza tena, maana hapakuwa na cha kukataza. Miaka ikaenda. Alipofika ishirini na tano wale wale waliosifu wakaanza kuniuliza kanisani: mbona Vasiti haolewi, ana kasoro gani? Nilikuwa naitikia kwa tabasamu na moyoni nasema maneno ambayo mjane wa kanisani hapaswi kuyasema.

Jumanne nikaenda shambani kwa Lopeti. Alikuwa amerudi kutoka New Zealand kuchuma matofaa, na tangu arudi alikuwa amejizika kwenye viazi vyake vikuu, wala nyumbani harudi ila kulala kile kibanda chake cha nyuma. Nilimkuta ameinama na jembe.

"Nimekuja kuzungumza habari za dada yako na Kitione."

Akasimama kama nimemmwagia maji.

"Mama, sitaki kusikia."

"Utasikia."

"Ni dada yangu. Mambo yake na wanaume usiniletee mimi. Unanivunjia heshima, na yeye unamvunjia."

Akaenda tuta la pili. Nikamfuata. Akaenda la tatu. Nikamfuata huko nako, na viatu vyangu vya kanisani. Majirani waliokuwa upande wa pili waliacha kazi wakatutazama, mwanamume mzima ana ndevu anamkimbia mama yake katikati ya viazi.

"Simama, Lopeti. Magoti yangu si ya kukimbizana."

"Basi usinikimbize."

"Dada yako anamtaka huyu bwana."

Akaziba masikio. Kweli, akaweka viganja masikioni, na udongo wote ule.

"Ziba," nikamwambia, nikapandisha sauti. "Ziba vizuri. Anamtaka na hawezi kumwambia, kwa sababu kila gari likipita anadhani ni wewe unakuja kumvunja mtu jino."

Akashusha mikono. Mashavu yalikuwa na udongo mpaka shingoni.

"Amesema hivyo?"

"Hakusema. Amekataa hata kukutaja jina. Anakuheshimu kuliko unavyostahili."

"Nilifanya la kaka. Nyote mlinisifu."

"Walikusifu."

"Ulitaka nifanye nini? Nimwache nyuma ya tangi na kijana wa watu?"

"Wewe mwenyewe ulikuwa nyuma ya matangi mangapi?" Nilisema hivyo, Mungu anisamehe, na mbingu ziko wazi. "Uliyeanza na wasichana tangu kwaya ya watoto, leo una nini cha kutuonyesha? Wake wawili, mmoja mjini Neiafu na mmoja Auckland, na wote wawili wananipigia simu mimi kulalamika. Wewe ulionja kila chungu, hujui chakula chako ni kipi. Yeye alinyang'anywa kijiko kabla ya kuonja, hajui kula kunaanzaje. Na mimi mama yenu nimekaa katikati na njaa ya wajukuu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichomeka jembe ardhini, akasema polepole:

"Siwezi kwenda kumwambia, mama. Nitamwambiaje? Nimwite nimwambie, dada, ongea na mwanamume? Nitafia pale pale, na yeye atafia pale pale."

"Sikukwambia useme. Nyuma ya kibanda chako una mikava ya miaka mitano. Kava haina mdomo."

Alirudi kwenye tuta lake. Nami nikarudi nyumbani nimetokwa na jasho, sijapata ndiyo wala hapana. Watoto wangu wawili, mmoja hanisemeshi, mwingine hasemi, na waliwahi kuwa na baba aliyependa kuhubiri.

Jumamosi ilipofika nilipika ndizi na majani ya jimbi kwa nazi, nikaomba, nikakaa kwenye dirisha langu. Wakaja. Kitione amevaa mkeka mpya kiunoni, vazi letu la heshima, na shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Mjomba Fehoko akaketi mbele kwa kuugulia miguu. Vasiti akakaa penye bakuli, kama siku zote, mahali anapouona mlango.

Wakaimba wimbo mmoja, wakaimba wa pili. Kitione akamwambia habari za boti iliyozimika katikati ya maji na padri ndani yake. Ilikuwa habari ya kuchekesha. Mimi jikoni nilicheka. Vasiti alisema, "Pole."

Yule mwenye mdomo hakutania. Hata yeye aliona hapana tena cha kutania. Kitione aliinamisha kichwa, akatazama viganja vyake, akaanza kumwambia mjomba kitu kuhusu njia na giza. Nikajua anaaga. Niliweka ukili chini.

Ndipo pikapu ya Lopeti ikaingia uani. Kila mtu anaijua kwa lile bomba lake bovu. Vasiti akatoa mikono nje ya bakuli. Wanaume wakajikusanya, kifungo cha shati kikafungwa, kicheko kikafichwa. Kitione akasogea mbali na dada ya mtu, akapauka, maana habari za jino zilikuwa zimefika kijijini kwao pia.

Lopeti hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, ubavu ameuelekeza mlangoni ili macho yake yasimfikie dada yake. Begani alikuwa na kava nzima, shina na mizizi yake yote, udongo haujakauka. Ilikuwa ile kubwa ya nyuma ya kibanda. Tuliisema ni ya harusi yake ya tatu, kwa utani. Akaishusha kizingitini taratibu, pale pale alipowahi kuliweka begi.

"Wakubwa zangu," alisema kwa mjomba Fehoko, "mnisamehe kuwakatiza. Hiki ni kidogo changu kwa bakuli la nyumba hii. Mimi naenda kulala Neiafu. Sitarudi mpaka kengele ya kanisa kesho."

Mjomba Fehoko alisahau miguu yake, akajinyoosha.

"Ahsante kwa kuja, mwanangu. Ahsante kwa kazi ya mikono yako. Tumeipokea."

Lopeti akaitikia kwa kichwa. Pikapu ikaunguruma, ikatoka, tukaisikiliza sote mpaka ikaisha.

Vasiti alikuwa anaitazama ile kava. Maji yalichuruzika kutoka vidoleni, yakalowesha sketi. Nilisema moyoni, sema, mwanangu, kaka yako kakufungulia mlango na kajifungia mwenyewe nje, unataka malaika aje? Nilikuwa nimeshika ukingo wa dirisha mpaka kucha zikauma.

Akarudisha mikono ndani ya bakuli.

"Kitione," akasema. "Unapenda rangi gani?"

Yule mwenye mdomo alipaliwa na kava, akakohoa kifuu kizima. Mimi nilifumba macho. Miaka kumi na saba nangoja mwanangu aseme na mwanamume, na analouliza ni rangi. Kuna ya kuuliza: tutakaa wapi, kwenu au kwetu, mama yako anasemaje, unatoa sadaka au unahesabu. Rangi.

"Buluu," alisema Kitione, kama anajibu mtihani. "Ya bahari asubuhi, si ya mchana."

"Na wimbo wa kwaya unaoupenda?"

Akautaja. Akamuuliza Vasiti wake. Akautaja. Yakawa hayo jioni nzima, maswali ya watoto wanaotoka mazoezini, na wanaume wazima wakaimba kwa nguvu ili wasiyasikie, na mjomba Fehoko akalala amekaa. Nilitaka kuingia nikawafundishe. Lakini nilivyozidi kusikiliza nikatambua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia mara ya mwisho ikitoka njia ya kanisani, jioni, pamoja na ya Hanisi. Ilikuwa imeanza pale pale ilipokatwa. Ingeanzia wapi kwingine?

Walipoinuka kabla Jumapili haijaingia, Kitione alisimama kizingitini karibu na ile kava.

"Jumamosi ijayo?" akauliza.

"Njoo mapema," alisema Vasiti. "Na huyu mwenye mdomo mwache kwao."

Jumapili baada ya ibada nilifukua chakula nilichooka shimoni, na Lopeti akaja kula jikoni, peke yake, Vasiti akila sebuleni kama inavyotakiwa. Nilimwekea nyama na majani ya jimbi. Alikula nusu ya sahani kabla ya kusema.

"Kava ilitosha?"

"Ilibaki."

Akatafuna.

"Iko nyingine nyuma ya kibanda," akasema. "Ndogo kidogo."

Nilingoja aulize lolote la dada yake. Alisukuma sahani, akaomba maji. Kutoka sebuleni Vasiti akaniita, akaniambia nimwongezee kaka yake nyama, bila kumtaja jina. Nikaenda na sahani, nikarudi na sahani, nikabeba maneno yao kama kila siku, na miguu yangu inauma kuliko ya mjomba Fehoko.